Mama Mkwe, Kitanda Namba Sita

Siku mliyoniaga kazini mlinipa blanketi, keki yenye jina langu lililokosewa herufi, na hotuba saba. Katika hizo hotuba niliambiwa kwamba nilikuwa nguzo, taa na mzazi. Hakuna aliyesema nilikuwa mwosha makalio, ingawa ndiyo kazi niliyoifanya tangu ndevu zangu zilipokuwa za kuhesabika mpaka zikawa nyeupe. Baada ya keki, Lilian, ambaye nilifanya kazi naye miaka mingi katika wodi ya Migori, akaniomba niwaandikie machache wasaidizi wapya wanaokuja na vyeti vyao na kucha ndefu. Nimekubali. Nimestaafu, niko nyumbani Uriri, na kuku wangu hawana mengi ya kuniambia.

Nianze na siku ya kwanza. Niliingia wodi ya wanaume ya hospitali moja kule Homa Bay nikiwa nimevaa suti. Barua ya kazi ilisema nimeajiriwa kama "msaidizi katika idara ya uuguzi", na marehemu baba alikuwa ameisoma barua hiyo mbele ya kanisa zima siku ya Sabato, nikaombewa kama mtu anayeenda kupasua watu vichwa. Sista aliyesimamia wodi aliniangalia kutoka utosini hadi kwenye viatu.

"Harusi iko wapi?" akaniuliza.

Kisha akanipa mopu.

Ilipofika saa nne asubuhi, koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye stendi ya dripu, nami nilikuwa nimemwaga bedpani ya mzee mmoja wa kisiwa cha Takawiri juu ya viatu vyangu mwenyewe. Mzee yule alinisamehe papo hapo. "Usijali, daktari," aliniambia, na wodi nzima ikacheka, hata wale waliokuwa wamekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi za tumboni.

Aliyenifunza kazi ni mhudumu mkongwe aliyeitwa Mwita, Mkuria wa upande wa Kehancha. Mimi sikujua Kikuria, na yeye Dholuo alikisikia vizuri sana ila alikataa kukisema, kwa hivyo tulielewana kwa Kiswahili, chake kikiwa cha kuamuru na changu kikichechemea. Mwita hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alikuwa na pua. Aliingia wodini asubuhi, akasimama mlangoni, akavuta hewa mara moja na kusema, "Kitanda cha tisa." Ukienda kitanda cha tisa, kweli shuka limelowa.

Somo lake la kwanza lilikuwa hivi. Siku moja baada ya chakula cha mchana alinionyesha kitanda kitupu akaniambia nilale chali, nisisogeze hata kidole mpaka arudi. Akaenda kunywa chai. Dakika kumi za kwanza nilifurahia. Nilidhani nimepata kazi nzuri kuliko zote katika Nyanza. Kufikia nusu saa, mfupa wa mkia ulikuwa unawaka moto na visigino vilikuwa kama vimewekwa juu ya jiko. Mwita akarudi, kikombe mkononi, akaniangalia nikitoa jasho.

"Unaumwa?"

"Naumwa, Mzee."

"Wewe umelala nusu saa. Yule wa kitanda cha pili amelala tangu jana. Amka umgeuze."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kitanda nacho huua. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na godoro, hufa kimya kimya. Kwanza huwa nyekundu, halafu nyeusi, halafu hufunguka, na kidonda cha kulalia kikishafunguka kinaweza kuingia mpaka ukaona mfupa. Dawa yake ni ile ambayo hakuna mtu amewahi kupigiwa makofi kwa ajili yake: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumkausha, na kuangalia visigino. Mwita pia alinifunza nisimguse mtu kabla sijamwambia jina langu na ninalotaka kufanya, hata kama hajitambui. "Mtu aliyelala ni mwenye nyumba," alikuwa akisema. "Wewe utaingia bila hodi?" Nimewaona madaktari wenye shahada mbili wakiingia bila hodi maisha yao yote.

Nilioa wakati huo. Mke wangu, Akinyi, ni wa Lambwe. Siku wazee wetu walipokwenda kwao kujieleza, mama yake, Mama Dorka, aliuliza swali moja tu kutoka nyuma ya mlango.

"Huyo kijana anafanya kazi gani?"

"Anafanya hospitalini," mjomba wangu akajibu kwa fahari.

"Hospitalini hata mochari iko. Anafanya nini?"

Mjomba akaeleza, akizungukazunguka. Kisha sauti ikatoka tena: "Kwa hivyo binti yangu atapakuliwa chakula na mikono hiyo hiyo." Watu walicheka kwa heshima. Mimi sikucheka.

Kwa bahati nzuri, mila yetu Wajaluo ilitulinda sisi wawili. Mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawalali chini ya paa moja, hawashikani mikono, na kuuona mwili wake ukiwa wazi ni mwiko mkubwa. Anayeuvunja mwiko huo hupata chira, laana inayomkondesha mtu mpaka suruali inamkimbia. Mimi ni Msabato na siamini chira. Lakini kutoamini chira ni jambo moja, na kuijaribu ni jambo lingine. Kwa miaka zaidi ya thelathini mimi na Mama Dorka tulisalimiana kupitia watu wengine, na sote wawili tuliridhika kabisa na mpango huo.

Nilihamishiwa Migori, Mwita akastaafu akarudi kwao, nami nikawa ndiye mkongwe wa wodi. Nikafunza wahudumu, nikafunza wauguzi wanafunzi, na mara moja nilimfunza daktari mchanga namna ya kumwinua mgonjwa bila kuvunja mgongo wake mwenyewe. Halafu ukaja waraka. Wakubwa walikuwa wamegundua, baada ya miaka mingi ya kutafakari, kwamba wagonjwa walikuwa wakiguswa na watu wasio na leseni. Yeyote asiye na cheti cha usaidizi wa uuguzi na leseni yake aache kugusa wagonjwa na apelekwe kufyeka nyasi. Mimi niliwaosha wagonjwa asubuhi hiyo, nikausoma waraka saa sita, na ilipofika saa saba nikawa sijui kuosha.

Kwa hivyo nikarudi shule nikiwa na wajukuu wawili, nikaruhusiwa kuendelea wodini kama mwanafunzi wa mazoezi. Chuo chetu kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na somo la usafi wa mwili tulilisoma tukivuta harufu ya dawa ya kupe. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe lisilo na doa hata moja, jambo ambalo kwa mtu wa wodi huleta shaka. Mgonjwa wetu alikuwa mwanasesere wa plastiki mwenye ukubwa wa mtu mzima, mguu wake mmoja umeshikiliwa na plasta. Darasa lilimwita Jenifa.

"Bwana Nashon," mwalimu aliniuliza wiki ya kwanza, "unapomgeuza mgonjwa, hatua ya nne ni ipi?"

"Inategemea mgonjwa, Mwalimu."

"Kosa. Hatua ya nne ni kuinua kizuizi cha kitanda."

"Vitanda vyetu havina vizuizi."

"Kwenye mtihani vinavyo."

Nikaandika. Nilijifunza mambo mengi mapya mle darasani, na mengine yalikuwa na faida, sitadanganya. Lakini nililojifunza zaidi ni kwamba Jenifa hakuwahi kulia, kujisaidia, wala kukuambia mikono yako ni baridi, na kwamba kuna watu wanaoweza kumaliza kozi nzima bila kugundua tofauti hiyo.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa vitendo, Mama Dorka aliletwa Migori. Kiharusi kilikuwa kimempiga akiwa shambani. Upande wote wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, na maneno yakawa yanatoka moja moja kwa shida. Akili ilikuwa pale pale. Wodi yetu ilikuwa ukumbi mmoja uliogawanywa na pazia, wanaume huku na wanawake kule, nasi wasaidizi tulihudumia pande zote mbili. Akawekwa kitanda namba sita.

Nikampigia Lilian magoti. "Dada, chukua huyo. Mimi nitakuchukulia kumi wengine."

Lilian ni msichana wa kwetu, hakuuliza kwa nini. Alimhudumia vizuri. Nami nilipopita karibu na kitanda namba sita nilitazama juu, hata nikayajua madoa yote ya dari, moja likiwa na umbo la Uganda. Akinyi alikuja kila siku saa sita na uji, akamlisha mama yake kwa kijiko, akanipa salamu zake, nikarudisha zangu. Tuliheshimiana sana. Kisha Lilian akapelekwa kliniki nyingine kwa siku kumi, na kitanda namba sita kikaachiwa wauguzi wanafunzi. Niliuliza kama anageuzwa. Nikaonyeshwa chati: alama ya vema kila baada ya saa mbili, nzuri, zimepangwa kama watoto wa shule wanaoenda gwaride. Nikaamini. Mimi, mwanafunzi wa Mwita, niliamini karatasi, kwa sababu karatasi ilinifaa.

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka Nairobi, Madam Mutheu, mwanamke mfupi mwenye miwani na ubao wa kuandikia. Akasoma kwenye orodha yake: "Nashon Okeyo. Kumwogesha na kumgeuza mgonjwa asiyejiweza. Kitanda namba sita."

Nikahisi suruali ikianza kunipwaya.

"Madam, samahani. Huyo ni mama mkwe wangu."

"Hospitalini hakuna mama mkwe, kuna mgonjwa."

"Ndiyo, Madam. Lakini huyu mgonjwa ni mama mkwe wangu."

Alinitazama juu ya miwani. Nasema haki, hakuwa mtu mbaya. "Hata kwetu Ukambani haya mambo yako," alisema. "Haya, nenda kitanda cha nane."

Nikashukuru mpaka nikainama. Nikasukuma kigari changu na beseni la maji ya moto, taulo na shuka safi, nikielekea kitanda cha nane, macho yangu yakiwa darini, penye Uganda. Na nilipokuwa sambamba na kitanda namba sita, pua ilinisimamisha. Harufu ile ni tamu kidogo, imeoza kidogo. Ukishaijua hutaisahau.

Nikateremsha macho. Mguu wa Mama Dorka ulikuwa umetokeza nje ya shuka. Kisigino kilikuwa cheusi, doa kama kifuniko cha soda. Nikachukua chati iliyoning'inia kitandani. Vema, vema, vema, zote kwa kalamu moja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na mgonjwa alikuwa tayari amegeuzwa saa tano, saa saba na saa tisa alasiri.

"Bwana Nashon," Madam aliita nyuma yangu, "nane iko mbele."

Nilikuwa nikihesabu siku nilizopita pale nikiangalia dari. Mtu mwenye ujuzi kuliko wote katika wodi ile alikuwa amepita kando ya mwanamke yule mara ishirini kwa siku, na kwa heshima zake zote alikuwa amemwacha aoze.

Nikavuta pazia. Nikasogea nikasimama mahali ambapo jicho lake zima lingeniona.

"Mama," nikasema kwa Dholuo, "ni mimi Nashon, mume wa Akinyi. Una kidonda mguuni, na nadhani kingine kiko mgongoni. Lilian hayuko. Nataka kukuosha na kukugeuza. Ukikataa nitatafuta mwanamke, lakini sijui atapatikana saa ngapi."

Alinitazama. Jicho lilikuwa kali vile vile. Kisha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na uhai, ukalishika shuka, ukalivuta juu polepole mpaka likafunika uso wake wote. Nikajua amekataa. Nikaanza kurudi nyuma. Ndipo sauti ikatoka chini ya shuka, neno moja, limepinda kama mdomo ulivyopinda, lakini lilieleweka.

"Umekawia."

Nikanawa mikono.

Nilimwosha kama ninavyowaomba ninyi muwaoshe watu wote, kwa sababu kazi hii ikifanywa vizuri, mgonjwa haonekani. Unafunua mkono, unauosha, unaukausha, unaufunika, ndipo unafunua mwingine. Palipokuwa pa kuosha bila kuangalia, taulo lilipita chini ya shuka nami niliangalia ukuta. Kila nilipohamia mahali nilimwambia. Nilipomgeuza ubavu na kuufikia mgongo, nikakuta ngozi ya juu ya mfupa wa mkia imeshafunguka, upana wa kiganja cha mtoto. Alikuwa amelala juu ya hicho siku zote, akimeza uji wa Akinyi na kutuma salamu.

Hasira ilinipanda. Nikatafuta wa kummwagia, na wa kwanza niliyemwona ni mimi.

"Bado hujafika hatua ya tisa," Madam Mutheu alisema kwa upole akiangalia saa. "Pembe za shuka."

"Madam, naita muuguzi aje aone hiki kidonda."

"Muda wako unakwisha."

"Uache uishe."

Nikamwita muuguzi. Tukasafisha kidonda, tukamlaza ubavu, nikaweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Nilipomaliza, pembe za shuka zilikuwa hazijakunjwa na muda ulikuwa umeisha zamani.

Nikaanguka mtihani. Fomu ilisema sababu tatu: hakufuata mpangilio wa hatua, alitumia lugha ya kienyeji kwa mgonjwa, hakumaliza kutandika. Madam Mutheu alinipa nakala, akasita, akavua miwani. "Mimi nikilazwa, nitauliza kama uko zamu," alisema. "Lakini hapa hakuna nafasi ya kuandika hilo." Nikarudia mtihani baada ya mwezi, safari hii kwa Jenifa. Nilikunja pembe nne kali za kukata mkate, nikainua kizuizi kisichokuwepo, na nikapita vizuri sana. Kwa hivyo mjue: mtu aliyenipatia leseni ya kugusa wanadamu alikuwa wa plastiki.

Na yule aliyejaza chati, nilimpata. Sitamtaja. Siku hizi ni mkubwa katika ofisi fulani mbali na huku, na nasikia bado ripoti zake hufika kabla ya kazi.

Habari ilifika Lambwe kabla maji ya beseni hayajapoa. Jumapili iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa, akaja Ouma, kaka mkubwa wa Akinyi. Ilikuwa mara yake ya pili kufika. Mara ya kwanza alipiga picha na mama yake, akaiweka kwenye kundi la familia la simu, akapongezwa, akaenda.

"Orwa," yaani shemeji yetu, aliniambia kwenye veranda kwa ile sauti ya mtu aliyetumwa na wazee hata kama hajatumwa. "Tumesikia umemwona mama."

"Nimemwosha."

"Hilo ni chira. Litakuja kwa watoto wetu. Wazee wanasema lazima mbuzi achinjwe."

"Mbuzi nitaleta. Wewe umemgeuza mama yako mara ngapi?"

"Hiyo ni kazi ya wanawake."

"Mimi niliajiriwa nikiwa na ndevu."

Akafungua mdomo, na kabla hajasema, tukasikia sauti kutoka ndani, kupitia dirisha. Mama Dorka alikuwa akimwita. Ouma akaingia. Aliyoambiwa mle ndani, neno moja moja, sikuyasikia yote, na niliyoyasikia ni ya Dholuo cha zamani ambacho hakifai kutafsiriwa. Alitoka amevua kofia.

Kidonda cha mgongoni kilichukua karibu miezi minne kupona. Nilikisafisha mimi, Lilian aliporudi tukasaidiana, na kila mara Mama Dorka alijifunika uso mwenyewe, nami kila mara nikabisha hodi. Hatukuwa marafiki. Siku moja tu alisema kutoka chini ya shuka kwamba mikono yangu ni baridi, na nilipoyapasha maji moto hakushukuru.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilimfuata mpaka Lambwe na mbuzi wangu kwenye pikapu. Siamini chira, lakini wazee wakishakula nyama hukusikiliza. Walipomaliza kuomba na kupangusa midomo, nikamwambia Ouma anawe mikono. Nikamfunza pale pale nyumbani kwao, mimi nikiwa nje ya mlango nikitoa maelekezo, yeye na mke wake wakiwa ndani. Mara ya kwanza alimshika mama yake kama mtu anayebeba trei ya mayai, na mama akampa maneno. Nikamwambia arudie. Akarudia mara sita. Nikawa ninakwenda kila mwezi, nasimama mlangoni, nanusa. Mwanzoni nilinusa uzembe, nikasema, tukagombana. Baadaye sikunusa kitu.

Mama Dorka aliishi miaka mingine mitatu. Alifariki mwaka ule niliokuwa najaza fomu za kustaafu, akiwa kitandani kwake, asubuhi, baada ya uji. Wanawake waliomwosha kwa mazishi walimwambia Akinyi kwamba mwili wake ulikuwa laini kila mahali, hauna hata kovu jipya.

Siku ya maziko Ouma alishika maikrofoni. Mnajua maziko yetu. Maikrofoni ikishashikwa hairudi upesi. Akasimulia jinsi alivyomtunza mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Jinsi alivyomgeuza kila baada ya saa mbili, jua na mvua. Jinsi alivyoweka mto chini ya mashavu ya miguu, na jinsi alivyokuwa akibisha hodi kabla ya kumgusa. Jina langu hakulitaja. Akinyi akaniminya goti, akitaka niinuke niseme neno. Nilimsikiliza shemeji yangu kwa makini, nikitafuta uongo wa kumcheka baadaye nikiwa nyumbani, kama nilivyozoea.

Sikuupata. Alikuwa anasema kweli.